Mdudu wa Mwalimu

"Hivi mama Hafsa, huyu mwanao kule kazini kwake anafuga nini?"

Aliyeniuliza alikuwa Deolinda. Tumepakana ukuta hapa Chuno, yeye anakaanga mihogo upande wake, mimi nafunga barafu za ubuyu upande wangu. Alikuwa amemwona Hafsa anatoka Jumapili asubuhi, mtaa bado haujaamka, akamuuliza unakwenda wapi siku ya mapumziko, na Hafsa akamjibu kwa haraka zake kwamba anakwenda kuwalisha. Kuwalisha akina nani, hakusema. Ndiyo tabia yake tangu utotoni, sentensi anaiacha njiani halafu tuhangaike nayo wengine.

Nikamwambia Deolinda ukweli, maana uongo siuwezi. Nikasema anafuga vijidudu. Akauliza vijidudu gani. Nikasema ni vile visivyoonekana kwa macho, wanavipa kazi ya kutengeneza kitu fulani kilichomo kwenye sumu ya swila. Basi Deolinda akaacha vijidudu, akaacha na kitu fulani, akaondoka na swila peke yake. Kufika adhuhuri mtaa mzima unajua kwamba binti wa marehemu Asadi anafuga nyoka. Mama mmoja tunayekaa naye darasa la dini Jumatano akanivuta pembeni kuniuliza kama swila hao wanakula kuku wa kuchinja au hata kibudu. Nikasema Mungu atuongoze sote.

Niieleze hiyo kazi kama nilivyoielewa, kwa darasa langu la saba na kwa kuisikia kila jioni tukila.

Huku kwetu msimu wa korosho watu wanashinda wameinama chini ya mikorosho kuokota, majani makavu yamelala, na nyoka naye kalala humo humo. Mtu anaumwa na nyoka kule Mpapura, anakimbizwa zahanati, anaulizwa ni nyoka gani. Anasema mweusi. Kila nyoka ni mweusi kwa mtu aliyeumwa. Daktari naye hawezi kutibu weusi. Sasa akina Hafsa wanataka kutengeneza kipimo, kijikaratasi tu, kikigusishwa damu kiseme huyu kaumwa na swila au siye. Na ili wakipate kipimo hicho wanahitaji kwanza protini moja ya ile sumu, waipate kwa wingi, safi, bila kumkimbiza swila porini kila siku. Ndipo wanapochukua maelekezo ya kuitengeneza hiyo protini wakayaingiza ndani ya bakteria. Bakteria anayapokea, anazaliana, na kila anayezaliwa anaitengeneza kama vile ni yake.

Huyo bakteria anayepewa kazi wanamwita mwenyeji. Na ugomvi wote uliokuja kukaa sebuleni kwangu ulikuwa huo: mwenyeji awe nani.

Mkubwa wake Hafsa, Dokta Chande, mtu wa Mikindani, ana mwenyeji wake. Nasema wake kwa sababu alikuja naye kutoka masomoni, amemtunza kwenye barafu miaka yote, na anamzungumzia kama mtu anavyomzungumzia mbuzi wa kurithi. Kwa haki, Hafsa mwenyewe alikuwa akimsifu. Anakua upesi, hachagui chakula, ukimweka jioni asubuhi kaijaza chupa. Kwa protini nyepesi nyepesi hana mpinzani. Lakini hii ya swila si nyepesi. Ni fupi, imejikunja, na imeshikizwa kwa vifungo vinne, na kila kifungo lazima kikutane na mwenzake. Kikikutana na asiye wake, protini imeharibika. Sasa ndani ya mwili wa mwenyeji yule vifungo havifungiki kabisa, hali ya humo ndani haiviruhusu. Na kwa vile yeye ni mtu wa pupa, anazitengeneza nyingi kwa mpigo, hazijajikunja, zinashikana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa mabonge. Wakiwapasua hao bakteria na kuwazungusha kwenye mashine, kitu kinachotakiwa kiwe kwenye maji juu hakimo. Kiko chini, kimeganda kama yai la kuchemsha.

Nilimuuliza kwa nini wasiyayeyushe hayo mabonge. Akasema ndiyo njia anayoipenda dokta, wameyayeyusha kwa dawa kali, kisha wakawa wanaipunguza dawa kidogo kidogo ili protini ijikunje upya taratibu. Karibu yote ikarudi kuwa mabonge. Wakapunguza joto. Mabonge. Wakapunguza ile dawa ya kumwamsha bakteria aanze kazi. Mabonge machache, lakini mabonge. Ikafika mahali mwanangu anaingia, anaweka mkoba, anasema neno hilo hilo moja, na mimi najua leo nisimsemeshe habari za mtu yeyote.

Kilichomkera si mabonge. Ni kwamba alikuwa anajua pa kujaribu na hakuruhusiwa. Alishawapima wenyeji wengine kwa akili yake kabla hajawagusa kwa mkono. Kuna mmoja wa udongoni, huyo hata humpasui, anaitema protini nje mwenyewe, lakini ana mikasi mingi, anaitema na kuikatakata. Akamwacha. Akamtaka mwingine, ndugu kabisa wa huyu wa dokta, ila watu wamembadilisha tumboni ili vifungo vifungike, na wakampa na msaidizi ndani yake wa kufungua kile kilichofungwa vibaya na kukifunga tena. Ana kasoro zake. Anakua taratibu, anataka ubaridi, na ukimharakisha anasusa. Hafsa akamwomba dokta wamjaribu. Dokta akasema hapana. Akaomba tena kwa adabu, hapana. Mara ya tatu aliomba bila adabu, najua, kwa sababu siku hiyo hakula.

Na saa ilikuwa inakwenda. Wafadhili walikuwa wanakuja kabla ya msimu wa korosho kuangalia kama hiyo protini imepatikana. Wakikuta mabonge, mradi unafungwa, na mkataba wa Hafsa umeshikana na mradi. Atarudi kukaa nami tufunge barafu. Si kazi ya aibu, ndiyo iliyomsomesha, lakini sikumsomesha ili aje kuifanya.

Nami, nisifiche, mwanzoni nilikuwa upande wa dokta. Nilimwambia Hafsa yule ni mkubwa wako, ana sababu zake. Akaniambia sababu yenyewe ni kwamba mdudu yule alipewa na mwalimu wake. Profesa mmoja wa kule ng'ambo ya Ruvuma, Raimundo, ndiye aliyemfundisha dokta kazi hii yote, na siku anaondoka kwake akampa kichupa cha bakteria huyo kwa mkono wake. Basi dokta haachi alichopewa na mwalimu.

"Sasa ubaya uko wapi hapo?" nikamuuliza.

"Mama, bakteria hana heshima. Hajui kapewa na nani."

Baba yake Hafsa, Mungu amrehemu, alisoma chuoni Mikindani, na mpaka anaingia kaburini alikuwa akisoma Kurani kwa vituo vile vile vya mwalimu wake, hata pale walipokuja vijana na visomo vingine wakamwambia na hivi vinafaa. Alisema ni kweli vinafaa. Akaendelea na vyake. Kwa hiyo jambo la mwalimu silichukulii kwa wepesi.

Siku moja dokta akakuta joto la mashine ya kuotesha limeshushwa, Hafsa kalishusha bila kumuuliza. Ile mashine inawatikisa bakteria mchana na usiku kwenye joto walilopangiwa, ina mlango wa kufunga. Hakugomba. Akaifunga kwa ufunguo, ufunguo akauingiza kwenye pete ya funguo za gari lake, na tangu hapo Hafsa akawa wa kufunguliwa mlango na kufungiwa kama mtoto wa chekechea.

Wiki hiyo hiyo kikaja kifurushi kwa basi kutoka kwa rafiki yake Hafsa aliye Morogoro. Ndani yake kichupa kidogo, kina kitu kama jeli, na kwenye jeli ndiyo yuko yule mwenyeji mwingine. Kilifika jioni maabara imefungwa, Hafsa akakiweka kwenye friji langu, chini, karibu na siagi. Nikamwambia hapana, hiki ni chombo cha biashara. Akaapa kwamba mdudu huyo hana madhara kwa mtu, hana hata sumu bado, hajapewa maelekezo yoyote, ni mtupu. Nikasema utupu wake auweke kwingine. Akaniangalia kwa macho ya baba yake, nikakiacha.

Kesho yake mtoto wa mteja kaja kununua barafu, friji nimelifungua, Deolinda yuko mlangoni anaazima kisu, yeye ndiye akaona kichupa, akauliza. Nikamwambia. Uongo siuwezi. Tangu siku hiyo barafu zangu zikawa zinalala. Watu wanapita wanasalimia kwa mbali. Deolinda mwenyewe, aliyeanzisha yote, akaja na sahani ya mihogo kunipa pole kwa biashara kudorora.

"Nyie Waislamu mna visa," akaniambia. "Nguruwe hamtaki hata kumsikia, nyoka mnamweka kwenye friji."

"Na nyie mnaotoka Kilambo kule mpakani," nikamwambia, "mkisikia neno moja mnalivusha mto, likifika ng'ambo limekuwa kumi."

Akacheka mpaka akaketi. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimechoka na watu wenye shule na watu wasio na shule kwa pamoja.

Ndipo Ijumaa, baada ya alasiri, nikiwa bado na tasbihi mkononi, nikasikia hodi. Dokta Chande, kavaa kanzu, ana mfuko wa tende. Akanipa shikamoo, akavua viatu, akaketi. Akauliza afya, akauliza ndugu, akamrehemu marehemu. Kisha akatulia kama wanavyotulia watu waliokuja kuposa, na mimi moyoni nikasema lahaula, huyu ana mke tayari.

"Mama, nimekuja kwako kama mwanao," akasema. "Hafsa hanisikii. Zungumza naye."

Katika maisha yangu nimekalishwa kwenye kesi za mahari, za mipaka ya viwanja, za mtu na mke mwenza. Kesi ya bakteria sijapata kuletewa. Msomi mzima, ana ofisi, ana mhuri, anakuja kumshitaki mfanyakazi wake kwa mama yake. Lakini ndivyo tulivyo. Angepita kwa wakubwa wa ofisini, huko ndiko ningemlaumu kwamba hakuja kwangu kwanza.

Nikamwita Hafsa. Akatoka, akamwamkia, akaketi mbali. Upande wa pili wa ukuta karai la Deolinda, ambalo lilikuwa linachemka tangu mchana, likanyamaza.

Dokta akaeleza. Kwamba amesikia kuna mwenyeji mwingine kaletwa kinyemela na yuko humu ndani. Sikukanusha, nikamwambia yuko karibu na siagi. Kwamba mradi ulishapanga mwenyeji, na huwezi kubadili katikati. Kwamba huyo mgeni ni dhaifu.

"Ni mgonjwa," akasema. "Anakua kama hataki."

"Anakua taratibu, dokta," Hafsa akajibu. "Hii protini haitaki wa kuwahi."

"Na akitoa nusu tu ya ninachopata mimi?"

"Kwani unapata nini, zaidi ya mabonge?"

Nikamkata jicho. Nikamwambia huyo ni mkubwa wako, rudisha ulimi wako ndani. Akaomba radhi, ya mdomoni tu, ya moyoni haikutoka.

Nikafanya ninavyofanya siku zote, nikatafuta katikati. Nikasema mbona chupa ziko nyingi, kwa nini asiwekwe huyu moja na yule moja, aliyefanya vizuri ndiye achukuliwe. Hafsa akainua mikono juu, akasema ndicho anachokiomba tangu mwezi wa Ramadhani, wawekwe hata watatu, wanne, wapimwe pamoja, ndivyo watu wanavyofanya kote. Nikamgeukia dokta. Akawa anaivuruga tende kwa vidole, haili.

"Profesa atakuja na wafadhili, mama," akasema mwishowe, chini chini. "Atataka kumwona mdudu wake. Nimwambie nimemtupa?"

Hapo nilimhurumia, kusema kweli. Nilimwona marehemu na vituo vyake. Nikamgeukia Hafsa nikamuuliza, huyu wako una hakika naye?

"Sina hakika, mama. Anaweza kukataa naye."

Nilihisi kichwa kinaniuma. Biashara yangu imelala, mtaa unanikwepa, mtu mzima kaja kwangu na kanzu ya Ijumaa, na yule anayegombewa hata hajulikani kama ataweza kazi. Nikawaambia hivyo hivyo. Nikawaambia mimi sina elimu ya kuwaamulia, na wenye elimu ni wao, na wote wawili wananichosha.

Dokta akakaa wima. Akasema basi tumpigie profesa mwenyewe, mkubwa wa wote, amwambie Hafsa kwa kinywa chake, na ikishasemwa iwe imekwisha. Akamuuliza Hafsa kama atakubali. Hafsa akasema atakubali. Nilimwona rangi inamtoka, kwa sababu yeye akisema neno halirudi. Mzee akisema mdudu ni yule yule, basi ni mabonge mpaka mradi ufungwe.

Akapiga, akaweka spika, simu akailaza juu ya meza kando ya tende. Ikaita sana. Ikapokelewa, nyuma yake jogoo wanawika na mtu anatwanga. Profesa amestaafu, anakaa Mueda, Kiswahili chake kina Kimakonde ndani.

Dokta akaanza kwa shikamoo na majina ya watoto wa mzee mmoja mmoja. Kisha akaingia kwenye shauri, akalipanga vizuri, haki nimpe, hakumchafua Hafsa. Akasema kuna kijana wake anataka kumwacha yule mdudu, na yeye ameshindwa kumwelewesha. Kule mtu akaendelea kutwanga.

"Mdudu gani, Chande?"

"Yule wako, mwalimu. Uliyenipa naondoka. Kichupa cha kifuniko chekundu."

"Yule?" mzee akasema. "Bado unaye yule?"

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, tukasikia mtu anamletea maji. Dokta alikuwa ameinamia simu, mkono umebaki hewani.

"Mwanangu, mimi nilimwacha zamani. Nilikupa kwa sababu ndiye aliyekuwa amebaki kwenye friji, wengine walikufa umeme ulipokatika. Unamtengenezea nini?"

Dokta akasema protini ya swila.

"Ya vifungo? Humpi yule kitu cha vifungo. Huyo binti anaye nani?"

Hafsa akasogea kwenye simu, akamwamkia, akataja jina la mwenyeji wake, herufi na namba. Mzee akasema huyo mzuri, amweke kwenye ubaridi, asimharakishe, na akikataa atafute mwingine, na huyo akikataa mwingine tena. Mbona mnagombana, akauliza, kwani Chande umefunga naye ndoa?

Nyuma ya ukuta Deolinda alipaliwa. Alijaribu kukizuia kicheko kikatokea puani. Sisi humu ndani hakuna aliyecheka. Hata Hafsa, niliyemjua angefurahi, alikuwa anatazama jamvi.

"Nimekusikia, mwalimu," dokta akasema. "Shikamoo." Akaikata simu, akaifuta kwa kanzu ingawa haikuwa na vumbi.

Nikamwambia nimtilie chai. Akatoa funguo za gari mfukoni, akaanza kuhangaika na ile pete, kucha inateleza, pete inajifunga. Nilitaka kumpa kisu, nikajizuia. Alichukua muda wake. Ufunguo mmoja ukatoka, mdogo, wa bapa, ule wa mashine. Akauweka kwenye sahani ya tende, upande wa Hafsa.

"Dokta," Hafsa akaanza.

Akainuka. Mlangoni akaingiza miguu kwenye viatu, kimoja akakikanyaga kisigino hakukirekebisha, akashuka kibarazani. Deolinda, aliyekuwa ameshafika pale nje na sahani yake kama vile anapita tu, akamkaribisha mihogo. Dokta Chande akampita, akafungua gari lake, akaenda zake.